Nafasi ya cheni

Kwa miaka miwili niliamini kwamba cheni ya pikipiki iliyokazwa sana ndiyo iliyotengenezwa vizuri. Kila Jumamosi, kabla ya kushika njia ya Hombolo, niliikaza ikiwa kwenye stendi ya kati mpaka ikanyooka kama uzi wa mwashi, kisha nikafunga gunia la mahindi nyuma na kuondoka. Cheni hazikudumu, nami nikadhani nauziwa za bandia, hadi oili ilipoanza kuvuja nyuma ya sproketi ya mbele, yaani gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, nikampelekea fundi mmoja wa makamo kule Chang'ombe, hapa Dodoma.

Hakugusa spana. "Mwalimu, hebu kaa juu, na kijana akae nyuma yako," aliniambia, kisha akaisukuma cheni kwa kidole. Haikusogea hata kidogo.

Gurudumu la nyuma halipandi na kushuka wima, bali huchora tao, kwa sababu mkono unaolishika umeegemea nyuma kidogo ya sproketi ya mbele. Springi zinapobonyea kwa mzigo, ekseli, egemeo la mkono huo na sproketi ya mbele hukaribia kuwa kwenye mstari mmoja, na hapo ndipo umbali kati ya sproketi mbili huwa mrefu kuliko wakati mwingine wowote. Cheni isiyoachiwa nafasi huvuta shafti ya sproketi ya mbele na beringi zake, sili inayozuia oili ikachoka, nazo pini na bushi za cheni yenyewe zikasagana bila kupumzika, hata pale ambapo dereva ameachia mafuta na kushuka mteremko. Kila shimo la barabarani huongeza mvuto huo.

Iliyolegea kupita kiasi nayo ni hatari: hupigapiga, huruka meno, na ikichomoka katika mwendo inaweza kulifunga gurudumu au kupasua ganda la injini. Hata hivyo, kwa anayebeba mizigo, naona ni heri kukosea milimita chache upande wa kulegea.

Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 hutaka mchezo, yaani nafasi ya cheni kupanda na kushuka, wa takriban milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini wa cheni, ingawa neno la mwisho ni la kitabu cha pikipiki yenyewe. Mimi hulizungusha gurudumu polepole na kupima kwa rula mahali kadhaa, kwa kuwa cheni haichakai sawasawa, kisha nafuata kipimo cha mahali palipokaza zaidi. Skrubu za kusogeza gurudumu za pande zote mbili nazizungusha kwa kiasi kilekile, huku nikilinganisha alama za kushoto na kulia, maana gurudumu likikaa upande, sproketi huliwa ubavuni. Nati ya ekseli ikishakazwa napima upya, kwani kipimo hubadilika, na breki ya nyuma ya fimbo nairekebisha pia, kwa sababu gurudumu limesogea.

Vumbi la Dodoma linahitaji uangalifu wake. Likichanganyika na oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ambayo wengi wetu huipaka cheni kwa kuwa haigharimu kitu, huwa kama msasa. Naisafisha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, injini ikiwa imezimwa, naifuta, kisha naipaka oili ya gia kidogo na kufuta inayozidi.

Kuchakaa kwenyewe hupimika. Cheni namba 428 ina milimita 12.7 kati ya pini na pini. Kwa hiyo ikivutwa, kutoka pini ya kwanza hadi ya 21 ni milimita 254. Ikifika 259, imerefuka kwa asilimia 2, nami huibadilisha pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu meno yaliyopinda huimaliza cheni mpya mapema. Niliyonayo sasa, ambayo imeshabeba mahindi ya msimu mzima, juzi ilisoma 256.