Nilivyosafisha hewa ya ofisi Kariakoo kwa wati 24

Mtu akikwambia AC ya ukutani inasafisha hewa, mkatalie. Inazungusha hewa ileile ya chumbani. Wavu wake unakamata nywele na vumbi la kuonekana kwa macho, lakini masizi ya jenereta, zile chembe ndogo sana za PM2.5 (zisizozidi mikromita 2.5), yanapita moja kwa moja. Na ofisi yetu iko ghorofa ya pili, juu ya mtaa ambao karibu kila duka lina jenereta lake nje.

Ushauri ulionikera kuliko wote ni wa kununua kitambaa cha HEPA, kile kizito cha kuchuja chembe ndogo sana, kukikata na kukibandika juu ya wavu wa AC. Nilibandika. Siku mbili kipimo cha PM2.5 kilishuka kidogo. Siku ya tatu upepo ukawa hafifu, mchana AC ikaanza kudondosha maji juu ya printa, na nilipofungua mfuniko nikakuta koili ya ubaridi imeganda barafu nyeupe, nene kama ya friza, kuanzia kwenye bomba la gesi hadi katikati. Feni ya AC hizi haina nguvu ya kuvuta hewa kupitia kitambaa kizito. Hewa ikipungua, gesi inakosa joto la kuichemsha, koili inashuka chini ya nyuzi sifuri, unyevu wa Dar unaganda juu yake, na barafu hiyo inaziba hata hewa kidogo iliyobaki. Uniti zinaliwa bila ubaridi, na gesi ikirudi kwenye kompresa ikiwa bado majimaji, kompresa inakufa. Likikupata hilo, bandua kitambaa, acha feni peke yake mpaka barafu iyeyuke. Usikwangue kwa bisibisi, mapezi ya aluminiamu yanalala na koili inatoboka.

Muuzaji mmoja alileta mashine ya ozoni. Ozoni ni gesi inayoumiza mapafu. Usiiwashe penye watu hata ukipewa bure.

Kilichofanya kazi ni sanduku la filta, wazo la Wamarekani Richard Corsi na Jim Rosenthal la mwaka 2020, ila feni nimebadilisha. Filta nne za MERV 13 (daraja linalokamata chembe ndogo), inchi 20 kwa 20, zinasimama kuwa kuta nne, mishale ikielekea ndani. Chini plaiwudi, juu plaiwudi yenye feni sita za kompyuta za sentimita 12, zinazotupa hewa juu. Feni moja kubwa ingeweza, lakini kelele zake zinachosha, na watu wakichoka wanaizima. Filta nne zinagawana hewa, kila moja inapitisha taratibu, ndiyo maana vifeni vya wati 2 vinatosha.

Chumba ni mita 8 kwa 6, dari mita 2.8, yaani mita za ujazo 134. Nilitaka hewa yote ichujwe mara 5 kwa saa: mita za ujazo 670 kwa saa. Sanduku moja linatoa kama 340, basi nikafunga mawili. Gharama ilikuwa laki mbili na kitu kwa kila sanduku, filta ndizo ghali. Umeme, kwa saa 10 kila siku ya kazi, ni uniti 6 hivi kwa mwezi. AC inazila kwa siku moja.

Halafu feni hizi ni za volti 12, na hapo ndipo raha ilipo. Umeme ukikatika, majenereta yote ya mtaa yanawaka kwa pamoja, na ndiyo saa mashine za kuchomeka ukutani zinazimika. Zangu ziko kwenye betri ya UPS (kifaa cha umeme wa akiba cha kompyuta) ya 18 Ah yenye chaja yake na fyuzi ya ampea 5. Nusu ya betri inanipa saa nne.

Ukimaliza kufunga, washa kijiti cha udi, kipitishe taratibu kwenye kila kona. Moshi unaponyonywa kwenye ufa, ziba kwa tepu pana. Kabla ya kuziba, PM2.5 ilikuwa inagoma kwenye mikrogramu 30 kwa mita ya ujazo. Baada ya hapo ilitoka 68 hadi 14 kwa dakika 40.

Filta usizioshe wala kuzipiga. Nyuzi zake zina chaji ya umeme inayovuta chembe, na maji yanaiondoa. Mimi naandika ukutani dakika ambazo PM2.5 inachukua kushuka; zikifika 60, nabadilisha. Filta pia hazikamati kaboni monoksidi, gesi ya sumu ya moshi wa jenereta, kwa hiyo king'ora chake nimefunga kando, na madirisha ya upande wa ua tunayafungua asubuhi kabla maduka hayajawasha.