Kuiandika taarabu katika mji wa jamaa

Hapa mjini Unguja ukiandika kuwa mwimbaji fulani sauti ilimkimbia kwenye ubeti wa tatu, Laasiri haifiki habari ishamfikia shangazi yake, na shangazi yake huyo mnachota maji bomba moja. Kwa hivyo wanaoandika habari za sanaa wengi hushika njia ya salama: onyesho lilifana, ukumbi ulifurika, msanii nguli alikonga nyoyo za mashabiki. Nimezisoma habari za namna hiyo tangu niko skuli. Sikumbuki hata moja iliyoniambia nani alikaa kwenye ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, au kama bashraf, muziki wa ala tupu wa kufungulia, ilipigwa yote au ilikatwa njiani kwa sababu mgeni rasmi alichelewa.

Nami naona hasara yake kila mwaka. Klabu ya taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905. Nyingine, Culture Musical Club, ipo tangu 1958. Vijana waliosoma muziki Dhow Countries Music Academy sasa wana vikundi vyao, na karibu kila Februari, tangu 2004, tamasha la Sauti za Busara linajaza Ngome Kongwe kwa muziki unaopigwa mubashara, bila ya kanda nyuma yake. Kwa mji mdogo kama huu, hiyo ni kazi kubwa mno kupita bila ya mtu kuieleza. Wageni huja wakaandika kwa lugha zao, wakasifu kuta za mawe na machweo ya Forodhani, kisha taarabu ikapata sentensi mbili.

Wapo wanaoniambia hukumu ya taarabu haihitaji mwandishi, maana inatolewa palepale kwa kutuza. Mwangalie mwanamke anavyonyanyuka, noti kazishika juu watu wazione, anakwenda kwa madaha mpaka mbele, anazungushazungusha mkono juu ya kichwa cha mwimbaji ndipo anampa. Napenda sana kuliangalia jambo hilo. Lakini noti ile mara nyingi haihusiani na uzuri wa sauti. Ubeti umemgusa, au ubeti unamfaa shoga aliyegombana naye wiki iliyopita na ambaye amekaa safu ya pili, na yeye anataka aone. Nimemwona mwimbaji akituzwa mpaka noti zinaanguka chini, na kiitikio kizima kilikuwa kimepishana na madumbak, zile ngoma ndogo. Na nimemsikia mpiga nai, filimbi ya mwanzi, akitoa taksimu, kipande cha kubuni papo hapo peke yake, iliyonifanya nishikilie kiti, hakuna aliyenyanyuka, kwa sababu nai haina maneno ya kumrushia mtu. Taksimu ile kama haikuandikwa, imepotea.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Siti binti Saad. Mtoto wa Fumba, muuza vyungu, aliyekuja mjini akaimba taarabu kwa Kiswahili na mwaka 1928 akenda kurikodi Bombay. Santuri zake zipo, lakini upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua kama dakika tatu tu. Nyimbo zilizokesha mpaka alfajiri, watu wakiitikia, hazikuingia mule. Tuna wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert, na nashukuru upo. Tuna pia wimbo wa kumsimanga, ule uliomcheka kwa kuja mjini na kaniki, na ambao hata katika kejeli yake unakiri kwamba ni sauti iliyompa kula. Mahasidi wake walikuwa wasikilizaji makini! Ningetoa kitu cha thamani nimpate mtu mmoja wa mji ule aliyekaa chini asubuhi yake akaandika: jana aliingia hivi, alipumua hapa, fidla ilimfuata hivi.

Mwaka jana niliandika kuhusu hafla moja ambayo kinanda cha umeme kiliimeza ganuni usiku kucha. Sikumlaumu mtu kwa jina. Nilieleza tu kwamba ganuni ilipewa maikrofoni moja iliyokaa mbali na nyuzi, kinanda kimeunganishwa moja kwa moja kwenye mitambo, na kwamba anayekaa nyuma ya safu ya tano alikuwa akimwona mpigaji anahangaika kwa vidole bila ya kusikia kitu. Siku chache baadaye nikakutana Darajani na mzee mmoja mpiga fidla, mtu ninayemheshimu tangu utotoni.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu kanisomea ulichoandika. Kweli tupu." Akanyamaza kidogo. "Lakini hayo tunaambiana wenyewe klabuni. Ya ndani yaishie ndani."

Nimelifikiria neno lake sana, kwa sababu ni kweli kwamba uhakiki upo. Kaa kwenye mazoezi ya klabu yoyote usiku, utasikia ukali ambao mimi siwezi kuuandika: fidla ya pili inaambiwa inavuta, mwimbaji anarudishwa ubeti mmoja mara nyingi mpaka machozi yanamlenga. Na kwenye mabaraza wazee wanapambanua ngazi za sauti, Rasti na Bayati, kwenye kahawa kama wengine wanavyopambanua mpira. Elimu yote hiyo imo vichwani mwa watu, na watu wenyewe wanatuondokea. Kijana wa Wete anayejifunza kupiga udi, ile ala ya nyuzi, kwa simu hayumo kwenye mazoezi yale. Mjukuu wa Mzanzibari aliyezaliwa Maskati hayumo. Nilimwambia hivyo mzee. Hakukubali, na mpaka leo hakubali, na tukikutana ananiuliza nitaandika nini safari hii.

Kwa upande wangu nimejiwekea adabu zangu. Siandiki kuhusu jamaa wa damu. Siandiki sura ya mtu, nguo yake wala nyumba yake. Mipasho inatosha kwa hayo. Nikisema kitu kilikuwa kibaya, naeleza kilikuwaje, wapi kwenye wimbo, ili aliyekuwepo aweze kunipinga. Na nikisifu nasifu kwa namna hiyohiyo, maana sifa isiyosema kitu haimfai msanii hata ya kumpeleka mazoezini kesho.

Sasa nataka kuandika kidumbak. Fidla moja, sanduku la kamba moja linalotoa besi, ngoma mbili ndogo, cherewa za kutikisa na mkwasa wa vijiti vya kugonganisha, na harusi nzima inacheza mpaka viatu vinavuliwa. Habari zake ni chache mno ukilinganisha na za taarabu, labda kwa sababu kinapigwa uani na si ukumbini. Mwenye kumjua fundi anayetengeneza sanduku bado kwa mkono, Unguja au Pemba, naomba anielekeze. Nataka kumuuliza anachaguaje mbao.