Elbo ya petroli iliyolegea kwenye mashine ya boti, nilivyoimaliza

Jamani nimeambiwa "safisha kabureta" mpaka nikachoka. Kila fundi niliyemuita pale Kilwa Kivinje neno lake la kwanza kabureta, ikasafishwa mara tatu na kila mara natoa hela, halafu tukifika katikati ya maji kuelekea kisiwa cha Songo Songo mashine inafanya yaleyale, inaenda vizuri dakika chache, inakohoa, inapoteza nguvu, na ukishika kile kipira cha kupampia petroli kilicho kwenye mpira wa tangi unakuta kimelegea. Baharia wangu akikiminya mara nne tano inaamka, baada ya muda tena.

Mashine yenyewe ni tustroki, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli, ya nguvu za farasi 25, ya zamani, mimi ni mkono wa tatu. Aliyekuwa nayo kabla yangu koneka, kile kiungo cha kuchomeka mpira wa mafuta kwenye mashine, ilimvunjikia, akapitisha mpira wa tangi moja kwa moja mpaka kwenye elbo ya shaba, kile kibomba kilichopinda, iliyofungwa kwa thredi kwenye pampu ya petroli. Pampu ni aluminiamu, laini, chumvi inaila na mtikisiko kutwa, thredi zikalika. Ukiishika elbo kwa vidole inacheza.

Nikiwaonyesha mafundi wanasema, "Hapo pakavu bwana, hapavuji." Hili ndilo linaloniudhi mpaka leo. Pakavu kwa sababu upande ule pampu inavuta, haisukumi, sasa petroli itatokaje? Hewa ndiyo inayoingia! Na kwenye tustroki oili inakuja pamoja na petroli, ukiipa hewa badala ya mafuta unaikausha mpaka pistoni ishike.

Nikanunua mpira unaoona ndani, urefu wa kiganja tu, nikauunga kabla ya elbo nikawasha, petroli safi. Nikauhamishia baada ya pampu, kwenye njia ya kwenda kabureta, loh, mapovu yanapita mfululizo kama soda. Kwa hiyo hewa inaingia palepale katikati. Nikazima, ikapoa, nikaminya kipira kwa nguvu mpaka kikawa kigumu, na kwenye shina la elbo pakatoka jasho la petroli. Nilifurahi kuliko siku niliyoinunua.

Ushauri wa kwanza ukawa tepu ya bomba. Nikazungusha raundi sita, siku mbili safi kabisa, ya tatu mashine haikai sailensa, ukiachia gesi inazimika. Kufungua kabureta nakuta uzi mweupe wa tepu umeziba jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli. Petroli haiyeyushi ile tepu lakini thredi zilizolika zinaichana na vipande vinasafiri, msiweke. Silikoni ya gasketi ikawa laini kama uji mzito. Supagluu ilipasuka safari ya kwanza.

Kilichonirudisha nyumbani ni sabuni ya mche, hii niliachiwa na marehemu baba. Siku ile upepo wa kusi umekaza na elbo imelegea kabisa, nikakata kipande cha sabuni, nikakikanda mkononi na matone ya maji mpaka kikawa kama unga wa chapati, nikakishindilia kuzunguka shina. Petroli haiyeyushi sabuni, maji ya bahari ndiyo yanayoyeyusha, kwa hiyo juu yake nikafunga kipande cha tyubu ya baiskeli, nakivuta na kukizungusha mpaka kimekaza. Tulifika Kivinje bila kuminya kipira hata mara moja. Lakini ni ya kukufikisha tu, ingawa wapo wanaoiacha miezi.

Dawa yenyewe, nilifungua pampu nikatoa kigozi cha ndani kinachovuta petroli, nikaipeleka karakana ya kuchonga vyuma. Tundu likatobolewa kubwa zaidi, likapigwa tapi ya kukata thredi mpya, mbele nusu raundi, nyuma kidogo, huku tunatonesha mafuta ya taa maana aluminiamu inanasa. Fundi akachonga bushi, yaani kipete cha shaba chenye thredi nje na ndani, tukaipaka gundi ya thredi inayovumilia petroli, ikalala mpaka kesho yake. Yote kama elfu thelathini na kitu, chini ya nilichomwaga kwenye kabureta. Msikaze elbo kwa spana ndefu, mtapasua pampu.

Na fundi angeniachia hapo ingelegea tena. Nilikaa nikaitazama mashine tunapoinyanyua maji yakiwa yamekupwa, mpira wa tangi unakaza na kuivuta elbo kando, kila siku, kila tukiingia ufukweni. Nikanunua koneka nyingine nikaifunga kwenye bodi ya mashine, mpira wa tangi unaishia hapo, na kutoka hapo kwenda kwenye elbo ni mpira mfupi uliolegea wenye klipu pande zote. Sasa mvuto wote unaishia kwenye koneka. Tangu mwanzo wa msimu wa upepo wa kaskazi mpaka leo kipira kiko kigumu.