Haki, Bei na Mwandishi Anayejichapishia

Historia ya kitabu cha kielektroniki husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza na kifaa. Tunaambiwa kwamba Amazon ilizindua Kindle, kifaa chake cha kusomea vitabu hivyo, tarehe 19 Novemba 2007 kwa bei ya dola 399, kwamba shehena ya kwanza iliisha kwa muda wa saa tano na nusu, na kwamba tangu siku hiyo mwandishi asiyekuwa na mchapishaji alipata njia. Mambo hayo yalitokea kweli, lakini mimi ninayehariri miswada ya waandishi wanaojichapishia naona masimulizi hayo yanauweka uzito mahali pasipo pake. Michael Hart alianza kuingiza maandishi katika kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1971, na kufikia 1998 vifaa vya kusomea kama Rocket eBook vilikuwa vimekwisha kuingia sokoni Marekani, wala hali ya mwandishi haikubadilika sana. Iliyoibadilisha ni mizozo miwili ambayo wasomaji wengi hawakuisikia: nani anamiliki haki ya kukitoa kitabu katika umbo la kielektroniki, na nani anakipangia bei.

Mzozo wa haki ulifika mahakamani mwaka 2001. Kampuni changa ya RosettaBooks ilikuwa imefanya mapatano na waandishi Kurt Vonnegut, William Styron na Robert B. Parker ili iuze vitabu vyao vya zamani kwa njia ya kielektroniki. Random House, iliyokuwa na mikataba ya vitabu hivyo, ikashtaki na kudai kwamba haki hiyo ilikuwa yake tayari. Mikataba yenyewe, ambayo mingine ilikuwa na umri wa miongo kadhaa, ilimpa mchapishaji haki ya kuichapa na kuiuza kazi katika umbo la kitabu. Mahakama ya New York ilikataa kuisimamisha RosettaBooks, kwa maelezo kwamba maneno hayo, kama yalivyoeleweka wakati wa kutiwa saini, hayakujumuisha faili la kusomwa kwenye skrini, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikauunga mkono uamuzi huo. Baadaye pande mbili hizo zilipatana nje ya mahakama. Naithamini sana kesi hii, kwa sababu iliwafumbua macho waandishi wengi waliokuwa na vitabu visivyopatikana tena madukani: huenda walikuwa wamekalia mali ambayo hawakuwahi kuiuza. Wachapishaji nao hawakulala. Waliongeza katika mikataba mipya kifungu kinachotaja haki za kielektroniki waziwazi, na mwandishi aliyekuja baadaye hakuwa tena na mwanya ule.

Suala la bei lilichelewa, ingawa dalili zake zilionekana mapema. Machi 2000 Simon & Schuster ilitoa hadithi fupi ya mwandishi mashuhuri Stephen King kwa njia ya intaneti peke yake, kwa dola 2.50, na maagizo zaidi ya 400,000 yakamiminika katika saa 24 za kwanza. Miezi michache baadaye King alijaribu kufanya kazi hiyo bila mchapishaji. Alitoa riwaya sehemu kwa sehemu kwenye tovuti yake, akawaomba wasomaji walipe dola moja kwa uaminifu, na kueleza kwamba angeendelea iwapo angalau asilimia 75 yao wangelipa. Malipo yalipungua kadiri sehemu zilivyoendelea, na kazi ikasimamishwa kabla ya mwaka kwisha. Wapo waliosema kwamba vitabu vya kielektroniki vimeshindwa. Kwa maoni yangu kilichokosekana ni duka, yaani mahali ambapo msomaji tayari ana akaunti, kadi yake inajulikana, na malipo ya kiasi kidogo hayamsumbui mtu.

Duka hilo lilifunguliwa siku ileile Kindle ilipozinduliwa, maana Amazon ilianzisha sambamba nacho jukwaa ambalo mwandishi yeyote mwenye haki zake angeweza kupakia faili, kuandika maelezo ya kitabu na kutaja bei. Mrabaha, yaani sehemu ya bei anayolipwa mwandishi kwa kila nakala, ulikuwa asilimia 35. Waliojitokeza mwanzoni walikuwa hasa wa aina mbili: wenye miswada iliyokataliwa na wachapishaji, na wenye vitabu ambavyo haki zake zilikuwa zimewarudia baada ya kuacha kuchapwa. Mwaka 2008 Mark Coker alianzisha Smashwords, ambako mwandishi alipeleka faili la kawaida la Word, mfumo ukaligeuza katika miundo mbalimbali, kisha kitabu kikasambazwa katika maduka mengine ya mtandaoni. Kazi ya kulisafisha faili hilo ilichosha, kwani nafasi moja isiyoonekana ingeweza kuvuruga sura nzima, lakini gharama yake ilikuwa muda tu. Mwandishi hakuhitaji tena kulipia maelfu ya nakala na kuzihifadhi chumbani akisubiri wanunuzi.

Mwaka 2010 ndio uliogeuza mambo, na waliochangia kuyageuza ni wachapishaji wakubwa wenyewe. Amazon ilikuwa ikiuza vitabu vipya vinavyotamba kwa dola 9.99, wakati mwingine kwa hasara, na wachapishaji waliogopa kwamba msomaji angezoea bei hiyo na kuacha kununua vitabu vya jalada gumu. Apple ilipokuwa ikiandaa duka lake la vitabu kwa ajili ya iPad, wachapishaji watano kati ya sita wakubwa walikubali utaratibu ambao mchapishaji ndiye anayetaja bei na duka linachukua asilimia 30. Mwishoni mwa Januari Amazon iliviondoa kwa muda vitabu vya Macmillan, mmoja wa wachapishaji hao, katika mauzo yake ili kuupinga utaratibu huo, kisha ikasalimu amri. Bei za vitabu vingi vipya zikapanda hadi dola 12.99 na 14.99. Serikali ya Marekani ilikuja kuwashtaki Apple na wachapishaji hao Aprili 2012 kwa kula njama ya kupandisha bei, lakini kufikia hapo miaka miwili ilikuwa imepita. Katikati ya mzozo huo, mwishoni mwa Juni 2010, Amazon ilianza kuwalipa waandishi wanaojichapishia mrabaha wa asilimia 70 kwa kitabu kilichopangiwa bei kati ya dola 2.99 na 9.99.

Hesabu yake inafaa kufanywa taratibu. Kitabu cha mchapishaji kinapouzwa kwa dola 12.99, duka linachukua asilimia 30 na mchapishaji anabaki na takriban dola 9.09. Mwandishi, kwa kiwango kilichokuwa cha kawaida cha asilimia 25 ya mapato hayo, anapata kama dola 2.27. Kitabu cha mwandishi wa kujitegemea kinapouzwa kwa dola 2.99, mwandishi anapata karibu dola 2.09, ukiacha makato madogo ya kusafirisha faili. Waandishi wawili hao wanapata karibu sawa kwa nakala, ilhali msomaji wa wa pili amelipa chini ya robo ya bei. Wachapishaji, kwa kulilinda jalada gumu, walikuwa wameliacha wazi eneo lote la bei ya chini, na watu waliokataliwa na wachapishaji haohao wakaingia humo.

Amanda Hocking wa Minnesota aliingia mapema. Alianza kupakia riwaya zake Aprili 2010, na mtindo wake wa bei ulionyesha busara kubwa: kitabu cha kwanza cha mfululizo kwa senti 99, vinavyofuata kwa dola 2.99. Kwa senti 99 mrabaha ulibaki asilimia 35, yaani ilibidi auze nakala sita ili apate kiasi cha nakala moja ya dola 2.99, lakini nakala ile ya kwanza ilikuwa mwaliko. Kabla ya mwaka kutimia alikuwa ameuza zaidi ya nakala milioni moja. Waandishi wengi waliomfuata waliiga bei na kusahau mfululizo, wakashangaa kwa nini kitabu kimoja cha senti 99 hakikuwafikisha popote.

Sitaki kuficha upande mwingine. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuzuia, vitabu visivyohaririwa vilijaa, na sifa mbaya ikawaangukia hata wale waliolipa wahariri. Mwaka 2012 ilibainika kwamba baadhi ya waandishi, akiwemo John Locke aliyekuwa amepita mauzo ya milioni moja kwenye Kindle, walinunua maoni ya kuwasifu. Jambo hilo linaniuma kama mhariri, kwa sababu maoni ya wasomaji ndiyo yaliyokuwa kipimo pekee cha mwandishi asiye na jina. Isitoshe, tangu Desemba 2011 Amazon ilikuwa imeanzisha mpango uliompa mwandishi nafasi ya kujitangaza kwa sharti kwamba kwa siku 90 asikiuze kitabu hicho cha kielektroniki mahali pengine popote. Wengi waliingia humo kwa hiari, na kuyaacha maduka mengine yote.

Machi 2011 Hocking alikubali mkataba wa takriban dola milioni mbili na mchapishaji St. Martin's Press kwa vitabu vinne, akaeleza kwamba alitaka kuandika badala ya kutumia wiki nzima kujibu barua, kushughulikia majalada na kutafuta wahariri. Ninamwelewa kabisa. Hugh Howey, aliyeanza Julai mwaka huohuo na hadithi ya senti 99, alifanya vingine: mwaka 2012 aliiuzia Simon & Schuster haki za kuchapa kwenye karatasi peke yake, akabaki na haki za kielektroniki pamoja na uwezo wa kupanga bei. Alikuwa amekwisha kukataa ofa kubwa zaidi zilizotaka vyote kwa pamoja. Wachapishaji wachache sana walikubali masharti kama hayo baada yake.

Kwa hiyo ninaposomewa mkataba leo, huanza na kifungu cha kurudishwa kwa haki kabla ya kutazama malipo ya awali. Zamani kifungu hicho kilisema kwamba haki humrudia mwandishi kitabu kinapokwisha madukani na kutochapwa tena. Faili la kielektroniki haliwezi kwisha madukani kamwe, hivyo kifungu kilekile, bila neno hata moja kubadilishwa, kinaweza kukifunga kitabu kwa maisha yote ya hakimiliki hata kama kinauza nakala mbili kwa mwaka. Mwandishi anapaswa kudai kiwango cha chini cha mauzo, kilichoandikwa kwa tarakimu, ambacho kisipofikiwa katika kipindi cha malipo kilichotajwa, haki zote zinamrudia.