Imekwisha, Mama

Mwaka 2017 nilikuwa nakaa kwa mama mkwe wangu Mkomani, Lamu, zile nyumba za zamani zenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, na kiwanda, yaani ua wa ndani, na kijana wangu alikuwa na miezi 11 hivi. Tangu ana miezi 8 nilikuwa namfundisha ishara, nimezitoa kwenye video za Marekani usiku nikinyonyesha nikimaliza bando: maziwa unafumba na kufumbua ngumi kama anayekama ng'ombe, nataka tena unakusanya ncha za vidole mikono yote miwili unazigonganisha, imekwisha unainua viganja unavigeuzageuza. Hakuna kukalishana darasani, ni palepale akinyonya, akila uji, akioga, neno unalitamka na mkono unaonyesha. Ati vidole vinamtii mtoto kabla ya ulimi.

Mama hakupenda. "Mwana ana ulimi wake, wamfunza ububu?" Nikamwambia Mama, viziwi wana lugha yao kamili, ya hapa Kenya imo mpaka kwenye katiba ya 2010, mimi nimeokota vineno vitatu tu vya kupunguza kilio. Akaguna, akarudi kwenye mbuzi kukuna nazi yake. Na kusema kweli miezi mitatu nilichezesha mikono peke yangu kama mwehu, mtoto ananikodolea tu, uji unamtiririka kidevuni.

Sasa jioni moja karibu na magharibi Mama amemuogesha kwenye beseni pale kiwandani, akamlaza mapajani amkande na mafuta ya nazi. Kama hujaona mtoto akikandwa na bibi yake Lamu hujaona kitu, miguu inanyooshwa, mikono inapishanishwa kifuani, mgongo unasuguliwa, na huyu wangu kawaida yake kilio kinafika mtaa wa pili. Akaanza kukunja uso, nikasema haya ndo hayo, lakini akachomoa mikono yake, inameremeta mafuta, akaitikisa kama mtu anayekung'uta maji. Mama akadhani baridi, akavuta kanga amfunike. Akatikisa tena, huku amemkazia Mama macho.

"Mama, asema imekwisha."

"Nani asema?"

Lakini Mama akainua mkono wake. Mtoto akatulia. Akaurudisha makusudi, kidole kimoja tu juu ya goti, na vile vimikono vikatikisika tena. Akamjaribu hivyo mara tatu nne, hacheki hasemi, mimi nimesimama na taulo sijui niliweke wapi. Miezi yote nilikuwa nasubiri anionyeshe maziwa, au nataka tena, kumbe mwenzangu neno lake la kwanza lilikuwa la kukataa.

"Haya mwinyi," Mama akasema, akafunga chupa ya mafuta.

Wiki hiyohiyo akaja jirani yetu mmoja, mtu mzuri sana ila hadithi zake hazina mwisho, kakaa tangu alasiri, chai ya pili ishapoa na yeye bado yuko kwenye harusi ya juzi. Mtoto yuko kwenye mkeka akamgeukia, akainua mikono, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Nikatazama chini. Mama akaziba mdomo na ncha ya kanga, mabega yanamcheza, akasema, "Anakuaga huyo."

Jirani akafurahi kweli, akampungia, "Kwaheri babu," akatafuta viatu vyake.