Kompyuta mpya inayozima saa nane mchana

Mwezi Agosti nilinunua kompyuta mpakato mpya katika duka moja hapa mjini Dodoma, ikiwa ndani ya boksi lake na waranti ya mwaka mmoja, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imechoka na hesabu za vikoba vitatu (vikundi vya kuweka na kukopa) ninavyovihudumia hazingeweza kusubiri. Wiki ya pili ikaanza kuzima. Skrini iligeuka buluu, ikaonyesha alama ya uso ulionuna na maandishi madogo chini yake, kisha mashine ikajiwasha upya.

Nilipoipeleka dukani fundi aliiwasha, ikawaka, akafungua video, ikacheza, akanirudishia. Mara ya pili alipiga Windows upya bila kuniuliza kama nimehifadhi faili zangu mahali pengine, na hesabu za miezi miwili zikapotea. Mara ya tatu lawama zikahamia kwenye vumbi na umeme. Sikatai kwamba vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi huingia hata ndani ya kabati lililofungwa, wala kwamba umeme unaopanda na kushuka huweza kuunguza chaja. Lakini feni ilikuwa safi, na mashine ilizima hata ilipotumia betri peke yake.

Ndipo nilipofungua daftari. Kila ilipozima niliandika tarehe, saa, programu zilizokuwa wazi na kama chaja ilikuwa imechomekwa, na nikapiga picha kwa simu yale maandishi ya chini ya uso ulionuna. Baada ya siku 19 nilikuwa na mistari 11, tisa kati yake ikiangukia kati ya saa saba na saa kumi alasiri, na hakuna hata mmoja wa asubuhi. Karibu picha zote zilitaja kumbukumbu ya mashine, yaani RAM. Windows ina kipimo chake cha RAM kisichohitaji kununuliwa, kinachofanya kazi kompyuta inapojiwasha upya. Nilikiendesha saa moja asubuhi, kikasema ni salama. Nikakirudia saa nane mchana, chini ya bati lisilo na dari, kikaonyesha makosa. RAM yenye kasoro huweza kuvumilia ubaridi na kushindwa inapopata joto, na duka lile lina kiyoyozi. Fundi, kwa hiyo, hakuwa akinidanganya.

Nilirudi na daftari, picha na risiti ya EFD (mashine ya kodi), au tuseme kopi yake, kwa kuwa risiti hizo huchapwa kwenye karatasi inayofifia na ile halisi ilikuwa imebaki vivuli vya tarakimu ndani ya pochi. Mazungumzo yalichukua dakika chache. Kwenye mashine yangu RAM ni kipande kinachochomolewa, hivyo kilibadilishwa siku ileile. Ingekuwa imelehemewa kwenye bodi, ningedai bodi nzima.

Tangu hapo haijazima, hata mchana. Hesabu zilizopotea hazikurudi, na kila Jumamosi mweka hazina wa kikoba cha Chang'ombe huniletea daftari lake la mkono, akanisomea hisa za kila mwanachama huku mimi nikiziingiza upya, mstari kwa mstari.