Mikono 23 tu

Jana usiku hapa Kabalagala nimepoteza dola 40, karibu laki moja na nusu za Uganda, na imeniuma kweli. Nacheza poka mtandaoni na programu inayohifadhi kila mkono, yaani kila mzunguko mmoja wa karata, kisha inaniandikia namba ndogo kando ya jina la mpinzani. Jamaa mmoja alisomeka 52/9: anatia hela kwa hiari mikono 52 kati ya 100, ila anapandisha dau 9 tu kabla karata za mezani hazijafunguliwa. Nikamwona ni mtu wa kufuata dau za wenzake ovyo.

Mkononi nina ree mbili, ya shupaza na ya kopa. Karata ya mwisho ikafunguka, akasukuma hela zote. Nikafuata bila hata kupumua. Akafunua saba mbili, na ya tatu iko mezani: saba tatu zinazipiga ree mbili zangu.

Ndipo nikatazama pembeni: programu imemwona akicheza mikono 23 tu! Hiyo 52 yote ni mikono 12 tu. Na hata kama namba ingekuwa ya kweli, mtu asiyependa kupandisha akisukuma zote, ana kitu. Hilo nalijua siku nyingi.

Leo nimeiweka programu isinionyeshe asilimia yoyote kabla ya mikono 100. Nyie mnaocheza, mmeweka ngapi?